Hadithi za nyanya zilizobeba visiwa vya Wabajuni

NILIPOKUWA mtoto Mombasa, nyanya hakukubali kamwe kutusimulia hadithi mchana. Alisema tutaota pembe. Ilibidi tungoje jua litue na taa ya chemni iwashwe, ndipo aseme "Paukwa!" nasi tujibu "Pakawa!" kwa kelele za kuwaudhi majirani.

Nyanya alizaliwa Chula, mojawapo ya visiwa vya Wabajuni vilivyopangana kando ya pwani ya Somalia, kutoka Kismayu kushuka kuelekea mpaka wa Kenya. Vingine ni Koyama, Ngumi na Chovai. (Kwenye ramani nyingine utaona Tula na Tovai, kwani penye 't' ya wenzake, mara nyingi Mbajuni husema 'ch'.) Yeye aliolewa Mombasa zamani. Jamaa zake walikuja baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka 1991, wakikimbia vita kwa majahazi, na baadhi yao wakaishia kambi ya wakimbizi ya Jomvu.

Hadithi tuliyoipenda ni ya mvuvi wa kasa. Alimfunga kamba mkiani chazo, yule samaki wa kunata, akamwachilia agande kwenye gamba la kasa, kisha akavuta. Uvuvi huo Wabajuni waliufanya kwelikweli. Siku moja kasa akamvuta yeye hadi bahari kuu, na sehemu ndefu ya hadithi ilikuwa safari ya kurudi: apite mwamba gani, aache kisiwa kipi mkono wa kushoto, ateke maji kisima kipi. Sisi tulisinzia hapo. Tulitaka kasa.

Alisimulia pia Shungwaya, nchi ya asili ambayo Wabajuni na hata Wamijikenda husema walitoka. Wanahistoria wamebishana miaka mingi kuhusu Shungwaya. Nyanya hakubishana na mtu. Alizitaja koo, zinazohesabiwa kwa desturi kuwa 18, na alipofika Kismayu alituambia jina hilo ni kisima cha juu.

Thamani ya safari ile ya mvuvi niliijua baadaye sana. Mpwa wangu, aliyetoka Chula akiwa mgongoni mwa mamake, aliomba hifadhi katika nchi moja ya Ulaya. Aliulizwa majina ya visiwa, visima, na vyakula vya kwao. Alijibu kwa Kiswahili cha Mombasa, kile alichokulia. Akaambiwa yeye si Mbajuni wa Somalia.

Hakuwa peke yake. Mnamo 2004 baraza la rufaa za uhamiaji la Uingereza lilipima swali hilohilo: anayejiita Mbajuni yampasa kujua Kibajuni kiasi gani? Sisemi hadithi ni cheti cha kuzaliwa. Kuna waliokariri majina ya visiwa wasivyowahi kuviona. Lakini mpwa wangu alikuwa na haki ya kuyajua, na hakuna aliyemsimulia. Kambini watu wazima walikuwa na foleni ya maji na unga wa kuwaza.

Waireland waliliona jambo hili mapema. Mnamo 1935 serikali yao iliunda tume ya kukusanya ngano na mila, na kuanzia 1937 wanafunzi wa shule za msingi wakatumwa kuwauliza wazee na kuandika madaftarini. Kisiwa cha Great Blasket kilihamwa 1953, watu wakiwa wamebaki wachache mno. Hadithi za Peig Sayers, bibi mashuhuri wa kisiwa hicho, zilikuwa zimeshaandikwa.

Kwetu pia wapo waliofanya kazi. Mwitaliano Grottanelli alitoa kitabu kuhusu wavuvi wa Kibajuni mwaka 1955, na mtaalamu wa lugha Derek Nurse amekusanya maneno na masimulizi yao. Lakini niambie, ni wangapi Kizingitini wanaosoma Kiitaliano?

Baada ya ombi lake kukataliwa, mpwa wangu alimpigia nyanya simu. Hakuulizia jamaa wala pesa. Alitaka hadithi ya mvuvi wa kasa, yote, hasa ile sehemu ya kurudi. Kwetu ilikuwa saa nane mchana. Nyanya alimwambia apige tena baada ya magharibi, kisha akanituma dukani nikanunue kaseti tupu.