Simu ya Upepo Kati ya Tura na Tabora

Tura ni kituo cha Reli ya Kati mashariki ya Tabora, na kabla ya reli palikuwa mahali ambapo misafara iliyotoka pwani iliingia Unyamwezi baada ya kuvuka Mgunda Mkali, pori kame lililowatenganisha Wanyamwezi na Wagogo. Umbali uliobaki hadi Tabora, unaozidi kilomita 100, ulimgharimu mpagazi siku kadhaa za mwendo. Kwa redio ya kijeshi ya kubebwa mgongoni nao si umbali mwepesi, ingawa ugumu wake ni wa namna nyingine.

Redio ndogo za askari hutumia mawimbi ya VHF, ambayo husafiri takriban kwa mstari mnyoofu kama mwanga, hivyo kilima au mviringo wa dunia huyakatiza baada ya kilomita chache. Redio ya mawimbi mafupi, ambayo Watanzania wengi huiita simu ya upepo au redio kol, hufanya kazi kati ya megahezi 3 na 30, yaani mitetemo milioni 3 hadi 30 kwa sekunde, na mawimbi yake yanaweza kurudishwa chini na ionosifia, tabaka la hewa ya juu lililochajiwa umeme na miale ya jua. Ndiyo maana PRC-320 ya jeshi la Uingereza, yenye nguvu ya wati 30 tu, zisizozidi zile za balbu ndogo, iliweza kusikika mamia ya kilomita.

Hata hivyo nguvu si hoja kubwa. Hoja ni waya. Antena fupi iliyosimama mgongoni mwa askari hurusha mawimbi pembeni zaidi kuliko juu: yale yanayotambaa ardhini huchoka mapema, hasa katika nchi kavu, na yale yanayopanda kwa mshazari hurudi mbali sana, yakiruka eneo zima la katikati. Askari wa mawasiliano aliyeko Tura na anayeitafuta Tabora anapaswa kutandaza waya wa mlalo kati ya miti ya miombo, wenye urefu wa mita 28 hivi kwa masafa ya megahezi 5, usiwe juu mno, ili mawimbi yapande karibu wima na kurudi kama mvua juu ya eneo lote linalomzunguka. Mchana, tabaka la chini la ionosifia humeza masafa madogo, kwa hiyo askari hupanda hadi megahezi 7 au zaidi. Usiku tabaka hilo hutoweka, lakini tabaka la juu nalo hudhoofika na kuacha masafa makubwa yatoboe na kupotelea angani, ndipo hushuka hadi 4 au 3. Msimu wa mvua huongeza adha yake, kwani kila radi, hata ya mbali, husikika kama mkwaruzo.

Mitambo ya zamani haikuwa na wepesi huo wa kubebwa. Mnamo Juni 1915 Waingereza waliishambulia Bukoba ili, pamoja na mengine, kuubomoa mlingoti wa redio wa Wajerumani, shabaha ambayo haikuweza kufichwa wala kuhamishwa.

Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipovamia Kagera mwaka 1978, eneo hilo lilikuwa chini ya Brigedi ya 202 yenye makao makuu Tabora, kilomita zipatazo 450 kutoka Kyaka, huko Kagera, kwa mstari mnyoofu, umbali ambao waya uliotandazwa vizuri huumudu bila kituo cha katikati. Lakini wimbi linaloshuka juu ya eneo lote halichagui sikio, na katika vita ile tatizo lilikuwa kubwa kuliko kawaida: jeshi la Uganda nalo liliamrishwa kwa Kiswahili, kwa hiyo neno lililosemwa hewani bila fumbo halikuhitaji mkalimani upande wa pili.