Mikono Kwanza, Tasnifu Baadaye

Wengi hudhani anayesomea shahada ya uzamili ya muziki anakwenda kunoa upigaji wake tu. Wapo wa namna hiyo, na hupimwa kwa onyesho jukwaani. Lakini anayechunguza muziki wa jamii hutakiwa kuwa na swali, kisha alijibu kwa ushahidi ambao mwingine anaweza kuusikiliza na kuukagua.

Chukua amadinda, marimba ya Waganda yenye vibao 12. Wapigaji wawili huketi wakitazamana, kila mmoja na mfululizo wake, mapigo ya huyu yakiangukia katikati ya mapigo ya yule. Kutokana na mchanganyiko huo sikio hukusanya sauti za juu peke yake na za chini peke yake, likasikia miondoko ambayo hakuna hata mmoja wao anayeipiga. Mpigaji wa tatu huunasa mwendo unaozaliwa na noti mbili za chini kabisa, akaurudia kwenye vibao viwili vya juu. Mwanafunzi aliyekaa pembeni na kinasa sauti ataandika alichosikia, na atakuwa mkweli. Ila hatakuwa ameandika kile mikono inachofanya.

Gerhard Kubik, mtafiti kutoka Austria, aliweza kuyaeleza haya mwaka 1960 kwa kuwa alifundishwa kupiga na Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda.

Nota za Ulaya nazo zina mipaka yake. Piano hugawa oktava katika hatua 12 zilizo sawa. Amadinda huigawa katika hatua tano zinazokaribiana kwa ukubwa. Ukiziweka kwenye mistari mitano unazipotosha, ndiyo maana watafiti wengi huandika kwa tarakimu 1 hadi 5.

Kasri hilo la Kabaka huko Mengo liliposhambuliwa mwaka 1966, wanamuziki wake walitawanyika. Rekodi alizofanya mtafiti Klaus Wachsmann nchini Uganda kabla ya hapo, ambazo nakala zake zimerudishwa Chuo Kikuu cha Makerere, ni hazina kubwa kwa mtafiti wa leo. Hata hivyo, rekodi haimsahihishi mtu anapokosea. Fundi humsahihisha.

Kwa hiyo nashikilia kwamba asitetee tasnifu ya muziki wa kikundi mtu ambaye hajaweza kushika sehemu moja mbele ya fundi. Na siku ya utetezi fundi huyo aalikwe, alipwe kama watahini wengine, aulize maswali yake kwa Kiganda.