Dripu ya Haraka
Mimi ni muuguzi, kisiwani Pate. Mtoto akiletwa Faza hoi kwa homa, miguu baridi, bibi yake hunihimiza: "Mwanangu, mtilie maji upesi!" Miongozo nayo ilisema hivyo. Watafiti wa Kilifi, wakiongozwa na Kathryn Maitland, wakalipima jambo hilo Kenya, Uganda na Tanzania: watoto 3,141 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa maji mengi ya haraka ya mshipani, wengine kiasi cha kawaida tu. Matokeo yalitoka 2011. Ndani ya saa 48, waliokimbiziwa maji walikufa asilimia 10.5 hivi, wenzao, 7.3. Bila kundi la kulinganishia, kwa vifo hivyo tungeilaumu homa! Nawaheshimu mno wazazi walioridhia watoto wao washiriki. Watoto wa kuharisha hawakuwamo katika utafiti huo. Aliyekauka kwa kuhara bado namwongeza maji.