UZI: Wanapima gunia la mahindi. Nani anapima damu yetu?

1/ Mjadala wa unga ukianza, huyu anasema mahindi ni salama, yule anasema tunalishwa sumu. Kila mtu na cheti chake cha maabara. Mimi nasoma sayansi ya siasa, si udaktari, lakini hapa kuna swali linarukwa. Twende pole pole.

2/ Sumu yenyewe ni aflatoksini, inatokana na kuvu wa mahindi yaliyowekwa na unyevu. Kiwango cha juu Kenya ni mikrogramu 10 kwa kilo. Ukila kidogo kidogo husikii kitu. Lakini ini likiishughulikia, inageuka kitu kinachonata kwenye DNA na kuiharibu. Miaka ikipita, inaweza kuleta saratani ya ini.

3/ Shida ya cheti: sumu haisambai sawasawa kwenye gunia. Sampuli ya hapa safi, kona ile imeoza. Na cheti hakijui unakula ugali mara ngapi.

4/ Damu inajua. Aflatoksini hunata pia kwenye albumini, protini ya damu. Ukiipima unaona mtu amekula sumu kiasi gani wiki kadhaa zilizopita. Mkojo unaonyesha ya jana na juzi. Hizi ndizo alama za kibiolojia.

5/ 2004, Makueni, Kitui na wilaya jirani: wagonjwa 317, vifo 125. Damu ilipopimwa, waliougua walikuwa na alama nyingi kuliko majirani wao wazima.

6/ Shanghai, wanaume zaidi ya 18,000 walifuatiliwa. Waliokuwa na alama kwenye mkojo na pia virusi vya homa ya ini B, hatari yao ya saratani ya ini ilikuwa karibu mara 60 ya wasio na vyote viwili. Kwa hivyo chanjo ya watoto pia ni sera ya mahindi.

7/ Lakini tuelewane: alama hazisemi wewe utaugua. Zinaonyesha hatari ya kundi. Anayesema "kaunti nzima ina saratani" anatia chumvi. Anayesema "hakuna mgonjwa, hakuna shida" pia anakwepa, manake saratani huchukua miaka.

8/ Mgombea akija kwenu, muulize: watu wa hapa walipimwa damu lini? Majibu yako wapi? Na bajeti ya kukausha mahindi ni ngapi?

Kama una swali, weka hapo chini.