Sahihi ya Mgonjwa wa Akili ni Yake Mwenyewe



Mwenzetu mmoja, mkata miwa upande wa Kenya hapa Busia, alipatwa na ugonjwa wa akili akalazwa wiki kadhaa. Aliporudi alikuta kaka yake ametia sahihi karatasi ya kukubali aachishwe kazi, na kiinua mgongo kimekwisha kuchukuliwa. Karani alipoulizwa alijibu, "Mwendawazimu atatiaje sahihi?" Kaka mtu hakuwa mwizi, karo ya watoto ilikuwa imefika. Lakini mwenye kazi hakuulizwa.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 5, inamkataza tajiri kumbagua mfanyakazi kwa ajili ya ulemavu au hali ya akili yake. Sheria ya Afya ya Akili, iliyorekebishwa 2022, inamtambua mgonjwa kuwa na haki sawa na wengine mbele ya sheria. Na ndugu wa viwanda vya Tororo wasidhani haya ni ya Wakenya tu. Uganda ilikaa na sheria ya wakoloni ya 1938 mpaka ilipotungwa mpya mwaka 2018, na nchi zote mbili ziliridhia mwaka 2008 Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Watu wenye Ulemavu.

Kifungu cha 12 cha Mkataba huo hakisemi mgonjwa aachwe peke yake. Kinadai asaidiwe kuamua. Kwetu sisi maana yake asomewe karatasi polepole, kwa Kisamia au Kiteso ikiwa ndicho anachoelewa vizuri, apewe siku za kufikiri, na aje na mtu anayemwamini yeye. Akiwa amezidiwa leo, karatasi ingoje.

Tulipigania karatasi ile mpaka ikafutwa, mwenzetu akarudi shambani.

Sasa niseme la kwetu. Mkutano wa tawi ulipopiga kura juu ya kugoma, alinyosha mkono kama wengine. Aliyekuwa akihesabu aliupita. Watu wakacheka, na mimi niliyeketi mezani nilinyamaza, ingawa ada ya chama alikuwa akikatwa sawa na sisi sote. Yaleyale tuliyomlaumu karani!

Mkutano uliofuata nilimwomba radhi mbele ya wote. Akauliza kama kura ile itahesabiwa upya. Haikuhesabiwa.