Mpira wa vikapu huchezwa na asiye na mpira

KIDOLE kimoja hakivunji chawa. Methali hii kila mwalimu wa Kiswahili ameifundisha, na kila mwanafunzi ameitungia insha, akapata alama zake, kisha akaisahau. Mimi pia nimeifundisha kwa miaka mingi. Lakini nakiri mbele yako, msomaji, kwamba kila ilipofika saa kumi jioni, nilipotoka darasani na kwenda kiwanjani kuinoa timu ya shule ya mpira wa vikapu, nilikuwa nikiwafunza vijana wa watu kuvunja chawa kwa kidole kimoja.

Kidole chenyewe kilikuwa nahodha wetu. Alikuwa mrefu, mwepesi wa miguu na mwenye shabaha ya kusifika. Mbinu yetu yote ilikuwa moja: apewe mpira. Wenzake wanne walijitenga kando wakasimama kama milingoti, wakimtazama akipambana na walinzi wawili, mara watatu. Nami nilisimama ukingoni nikipaza sauti hadi koo likakauka. "Wewe, simama pale! Wewe, toka hapo! Mpe mpira!"

Katika daftari langu mlikuwa na michoro minane ya kushambulia, kila mmoja na nambari yake. Nilipoitaja nambari, vijana waliutekeleza mchoro kama wakaririvyo jedwali la kuzidisha. Michoro hiyo ilifaa mradi wapinzani wasifanye lolote ambalo sikulichora. Walipolifanya, na aghalabu walilifanya, mchezo ulikwama, na katikati ya vurumai kijana mmoja wa Kidato cha Pili angenigeukia na kuniuliza, "Mwalimu, nisimame wapi?"

Msimu huo tulicheza mechi tisa, tukashinda mbili. Mwalimu Mkuu aliniita ofisini, na kwa upole akanieleza kwamba pesa za basi hazitoshi kuzisafirisha timu zote. Hakunitisha. Aliniambia tu kwamba mwaka ufuatao ingempasa achague, nami nikatoka nikijua asingechagua timu iliyoshinda mbili kati ya tisa.

Likizo ilipofika niliketi na daftari langu nikajiuliza swali ambalo ningalipaswa kujiuliza zamani: mchezo huu ulianzaje? Jibu lake lilinifedhehesha, kwa kuwa mwasisi wake alikuwa mwalimu kama mimi. Mnamo Desemba 1891, katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, James Naismith alikabidhiwa darasa la vijana 18 waliochoshwa na mazoezi ya viungo ya msimu wa baridi. Akatundika makapu mawili ya kuchumia matunda, akaandika kanuni 13, akawaita wacheze. Mojawapo ya kanuni hizo ilisema mchezaji haruhusiwi kukimbia na mpira. Sharti autupe akiwa pale pale alipoudakia. Kudunda mpira hakukuwa kumebuniwa bado.

Hebu tafakari hilo, msomaji. Katika mchezo ulivyozaliwa, mwenye mpira ndiye aliyesimama. Wasio na mpira ndio waliokimbia. Mimi nilikuwa nimeupindua: mmoja akikimbia na mpira, wanne wamesimama.

Hapo ndipo nilipoamua kuwafunza vijana wangu mtindo ambao wakufunzi wa Marekani huuita mtindo wa mwendo. Mtindo huu hauna michoro ya kukariri. Una kanuni chache, na kanuni hizo huwaongoza wachezaji watano kuamua wenyewe la kufanya kulingana na wanachokiona. Yangu niliziandika ubaoni zikiwa tano. Ya kwanza, baina yako na mwenzako pawe na hatua tano au sita, ili mlinzi mmoja asiweze kuwakaba wawili. Ya pili, ukishatoa pasi usisimame: kata kuelekea kapuni au nenda ukamkingie mwenzako aliye mbali na mpira. Ya tatu, ukikingiwa, mtazame mlinzi wako kabla hujakimbia. Akikufuata nyuma, zunguka kinga uingie ndani, naye akitangulia mbele yako, rudi nje upokee mpira. Ya nne, mlinzi akijitia kati yako na mpira ili usipewe pasi, usimsukume. Mpite mgongoni uelekee kapuni. Ya tano, ukiupokea mpira, tazama kwanza kabla ya kuudunda.

Siri ya mtindo huu ni nyepesi. Mlinzi ana kazi mbili: kumwangalia mtu wake na kuuangalia mpira. Mtu wake akisimama, kazi hizo mbili huwa moja. Mtu wake akienda mbio upande huu, huku mpira ukienda upande ule, sharti mlinzi achague, na kila achaguapo huacha upenyo. Fauka ya hayo, hakuna miguu ya binadamu iwezayo kuushinda mwendo wa mpira uliorushwa.

Wala haya si maneno ya karatasini. Mwaka wa 1976 Chuo Kikuu cha Indiana, kikifunzwa na Bob Knight, kilitwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani baada ya kushinda mechi zake zote 32 kwa mtindo wa namna hii. Simtaji Knight awe kielelezo cha adabu, kwani ndiye aliyerusha kiti uwanjani mwaka wa 1985 kwa hasira, na chuo hicho hicho kikamfuta kazi mwaka wa 2000. Lakini ni jambo la kuzingatiwa kwamba hata mtu mkali kiasi hicho alitambua kuwa mchezo ukishaanza, maamuzi ni ya wachezaji. Miaka 20 baada ya ubingwa ule, Machi 1996, vijana wa Chuo Kikuu cha Princeton waliofunzwa na Pete Carril kwa mtindo ulio jamaa wa huu, waliwaondoa mashindanoni mabingwa watetezi, UCLA, kwa alama 43 kwa 41. Kikapu kilichoamua mechi kilitokana na mchezaji aliyempita mlinzi wake mgongoni akapokea pasi chini ya kapu. Princeton ni chuo kisichotoa ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo. Hakikuwa na majabali. Kilikuwa na vijana waliojua kutazama.

Nilirudi shuleni nikiwa nimejawa na imani, na wiki ya kwanza ikaitikisa imani hiyo. Vijana waligongana. Wawili walikata kwa wakati mmoja mahali pamoja. Mipira ilirushwa ikaangukia mahali palipokuwa na mtu sekunde moja kabla. Na kila baada ya dakika mbili swali lilirudi: "Mwalimu, nisimame wapi?" Nilijizuia. Nilimjibu yule kijana wa Kidato cha Pili kwa swali: "Mlinzi wako yuko wapi?" Alinitazama kana kwamba nimemwonyesha dharau. Hakuna aliyewahi kumwuliza anaona nini. Maisha yake yote ya shule aliambiwa la kufanya.

Nikawapiga marufuku kudunda mpira mazoezini kwa siku kumi. Kisha nikajipiga marufuku mimi mwenyewe: nilinunua filimbi, nikaapa kwamba mchezo ukiendelea nisingefungua kinywa. Hilo la pili, nasema kweli, lilikuwa gumu kuliko la kwanza.

Mechi mbili za kwanza tulishindwa, moja kwa tofauti ya alama 21. Baada ya ile ya pili, babake nahodha alikuja shuleni. Alinisalimu kwa heshima, akaketi, kisha akasema maneno ambayo sijayasahau: "Mwalimu, kijana wangu alikuwa akifunga vikapu watu wakimwona. Sasa anawapa wengine. Akikosa kuonekana, nani atamlipia chuo? Unamzibia riziki."

Msomaji, usiyacheke maneno hayo. Yako majina ya Wakenya waliosoma ng'ambo kwa ufadhili walioupata kupitia mpira huu, na mzazi asiye na shamba wala mshahara wa kutosha ana haki ya kuzihesabu alama za mwanawe. Nilimweleza kwamba mchezaji anayezongwa na walinzi watatu huonekana akihangaika, na anayezongwa na mmoja huonekana akicheza. Alinisikiliza. Sidhani alishawishika. Nahodha mwenyewe alinyamaza majuma mawili, akitoa pasi kama mtu anayelipa deni.

Mechi ya tatu ndiyo iliyotufumbua macho. Wapinzani walimkaba nahodha kama ilivyokuwa desturi, wawili kwa mmoja. Akautoa mpira, akaenda kumkingia mwenzake. Walinzi wake wawili, kwa mazoea, wakamfuata yeye. Yule kijana wa Kidato cha Pili akageuza shingo, akaona mlinzi wake amesahau kumtazama, akampita mgongoni, na mpira ukamkuta chini ya kapu peke yake. Akaufunga. Hakunitazama. Alirudi mbio kulinda kapu letu, na katika mechi ile yote hakuniuliza mara moja asimame wapi. Tulishinda kwa alama nne.

Sitaki kukudanganya kwamba tulitwaa kombe. Msimu ule tulishinda mechi sita kati ya kumi, tukatolewa katika nusu fainali ya kaunti na timu iliyotuzidi kimo na kasi. Alama za nahodha zilipungua kutoka 22 hivi kwa mechi hadi 13 au 14. Basi halikuondolewa. Ufadhili wa ng'ambo haukuja. Kijana alijiunga na chuo kikuu cha humu nchini, anasoma na kucheza. Ningekuwa mwongo nikisema najua kama alama zake 22 zingemfikisha mbali zaidi. Deni hilo la babake bado linaniwasha.

Kuna watakaonipinga wakinikumbusha Februari 2021, jijini Yaoundé. Timu yetu ya taifa ilipokutana na Angola, mabingwa wa Afrika mara 11, ni mtu mmoja, Tylor Ongwae, aliyerusha mpira wa mwisho ukaingia muda ukiyoyoma, tukashinda 74 kwa 73. Kwa ushindi ule Kenya ilirudi katika fainali za Kombe la Afrika ambamo haikuwa imecheza tangu mwaka wa 1993, zilipoandaliwa Nairobi. Je, hicho si kidole kimoja kilichovunja chawa? La hasha. Alama 74 si mrusho mmoja. Mwenye shabaha atahitajika daima, na mtindo wa mwendo haumnyang'anyi nafasi yake. Humfikisha dakika ya mwisho akiwa bado na pumzi, na wenzake wakiwa wamewalazimisha walinzi kuwahofia nao pia.

Sasa nikugeukie wewe, mwalimu mwenzangu. Yale niliyoyafanya kiwanjani kwa michoro minane, nilikuwa nikiyafanya darasani pia. Niliwapa wanafunzi vielelezo vya insha wakavikariri. Swali la mtihani lilipokuja kwa sura ambayo sikuichora, walikwama, wakanitafuta kwa macho ukumbini, nami sikuwamo. Tuliulaumu mfumo wa 8-4-4 kwa kuzaa kasuku, tukaleta mtaala wa umilisi. Lakini mtaala ukibadilika jina ilhali mwalimu bado amesimama ukingoni akipaza sauti, tumebadilisha jezi tu. Mchezo ni ule ule.

Kumpa mwanafunzi uhuru si kumwacha ovyo. Kanuni tano zile hazikuwa za mjadala. Aliyesimama baada ya kutoa pasi alitolewa nje. Uhuru bila kanuni ni fujo, na wiki yetu ya kwanza ilikuwa ushahidi. Lakini kanuni zikishafahamika, kazi ya mwalimu ni kuuliza, "Unaona nini?" kisha avumilie kimya kinachofuata, hata kama kimya hicho kitamgharimu mechi mbili.

Nawe mwanafunzi, ambaye hujawahi kuwa nahodha wala kuitwa jukwaani siku ya zawadi, sikiliza. Katika mechi ya dakika 40 yenye wachezaji kumi na mpira mmoja, ukigawa sawasawa, kila mchezaji ataushika mpira dakika nne. Dakika 36 zilizosalia hana mpira. Wengi huzihesabu dakika hizo kuwa za kungoja. Kata, kinga, tazama, fungua njia. Mwenzako akifunga kwa njia uliyoifungua wewe, jina lako halitaandikwa katika karatasi ya mwamuzi, lakini wenzako wanne watajua.

Daftari langu lenye michoro minane ningali nalo. Hulitoa kabatini kila mwanzo wa muhula, nikalifungua, nikalitazama, kisha nikalirudisha na kuichukua filimbi.