Mtambo Kichwani, Ufunguo Ng'ambo

Ni nadra kulikuta baraza la kahawa katika visiwa vyetu ambalo halijapata kuwa na mzee ambaye kikombe hakimtulii mkononi. Huanza kutetemeka kidole, kisha mkono mzima. Hatua huwa fupi, uso hukosa tabasamu, na sauti hufifia hata wenzake wakalazimika kumwinamia ili wamsikie. Wapo wasemao kuwa huo ni uzee tu, na wapo wasemao kuwa mzee ametupiwa jambo. Tabibu wa Kiingereza, James Parkinson, aliyaeleza maradhi hayo katika kijitabu alichokichapisha London mwaka 1817, na hadi leo yanaitwa kwa jina lake. Ndani ya ubongo hufa chembe zinazotengeneza dopamini, na dopamini ikipungua mwili hukataa kwenda kama mwenyewe atakavyo.

Tumeanza na mzee huyo kwa kuwa maradhi yake ndiyo yaliyoufungua mlango wa biashara tunayokusudia kuizungumza leo, yaani biashara ya mitambo inayopandikizwa mwilini ili kuusisimua ubongo kwa umeme.

Mwaka 1987, katika mji wa Grenoble, Ufaransa, daktari mpasuaji Alim-Louis Benabid alikuwa akimshughulikia mgonjwa wa kutetemeka. Desturi ya wakati ule ilikuwa kuunguza sehemu ndogo mno iliyo ndani kabisa ya ubongo. Kabla ya kuunguza, daktari hupitisha umeme kidogo kwenye ncha ya sindano ili ahakikishe kuwa amefika panapostahili, na mgonjwa huwa macho, kwani ubongo wenyewe hauhisi maumivu. Benabid alipouongeza umeme ule hadi kufikia mapigo kama 100 kwa sekunde, mkono wa mgonjwa ulitulia. Alipoukata, ukaanza tena kutetemeka. Yeye na mwenzake Pierre Pollak wakaona kuwa hapana haja ya kuunguza kitu kisichorudishika, ikiwa umeme unaoweza kuwashwa na kuzimwa wafanya kazi ile ile.

Basi ukatengenezwa mtambo. Waya mwembamba huingizwa ubongoni kupitia tundu la fuvu, ukapitishwa chini ya ngozi ya shingo mpaka kwenye kisanduku chenye betri kilichofukiwa chini ya mtulinga. Serikali ya Marekani iliuruhusu mwaka 1997 kwa ajili ya kutetemeka, na mwaka 2002 kwa ugonjwa wa Parkinson kwa upana wake. Kufikia mwaka 2019 ilikadiriwa kuwa watu zaidi ya 160,000 duniani wamekwisha kupandikizwa.

Hatutaki kueleweka vibaya. Nafuu yake ni ya kweli, nasi hatuna haki ya kumdharau mtu aliyeweza kujifunga vifungo vya shati lake baada ya miaka kumi ya kufungiwa na mkewe. Ila mtambo hauponyi. Maradhi huendelea na safari yake chini kwa chini, na si kila mgonjwa anayefaa kupandikizwa.

Biashara, kwa tabia yake, haitosheki na mgonjwa mmoja. Medtronic, Boston Scientific na Abbott, yote makampuni yenye asili ya Marekani, yanashindania soko hili, na China nayo imeingia kwa kampuni ya PINS ya Beijing. NeuroPace ilipata ruhusa mwaka 2013 kwa mtambo wake wa kifafa. Sonona nayo ilijaribiwa, yaani ile huzuni nzito isiyoondoka. Matokeo ya jaribio moja kubwa la Marekani yalichapishwa mwaka 2017: baada ya miezi sita wagonjwa ambao mitambo yao iliwashwa hawakuwa wamepata nafuu iliyowapita wale ambao mitambo yao iliachwa imezimwa. Jaribio lilikuwa limekwisha kusimamishwa, lakini nyaya zilikuwa tayari vichwani mwa watu.

Hapo ndipo tunapotaka wasomaji wetu, na hasa wale walioko maofisini, watue kidogo. Mtu akinunua redio, duka likifungwa kesho, redio huendelea kusema, na ikiharibika atapatikana fundi wa mtaani wa kuitengeneza. Mtambo wa kichwani haupo hivyo. Betri yake ya kawaida hudumu miaka mitatu hadi mitano, kisha mgonjwa hupasuliwa tena ili ibadilishwe. Ziko za kuchajiwa zinazodumu zaidi, lakini nazo zina mwisho wake. Nguvu ya umeme hurekebishwa mara kwa mara kwa kompyuta ya kampuni iliyouunda, na kompyuta ya kampuni nyingine haiufahamu. Kwa hiyo aliyepandikizwa amefunga ndoa na kampuni, na talaka haimo mkononi mwake.

Yaliyokwisha kutokea yanatosha kututahadharisha. Kampuni ya Autonomic Technologies ya Marekani ilitengeneza kifaa cha kutuliza aina moja kali mno ya maumivu ya kichwa, kinachopandikizwa usoni nyuma ya shavu. Watu zaidi ya 700 walikuwa nacho kampuni ilipofungwa mwaka 2019. Second Sight ya California iliwapandikiza watu zaidi ya 350 kifaa cha jichoni kilichowapa vipofu mwanga kiasi, na biashara ilipokosa faida ikaacha kukitengeneza. Wenye vifaa hivyo wakabaki bila wa kuvitengeneza. Huko Melbourne, Australia, watu 15 wenye kifafa walipewa kifaa cha kubashiri kifafa kabla hakijapanda. Kampuni ya NeuroVista iliyokitengeneza iliishiwa na fedha, na vifaa vikatolewa vichwani, hata kwa mgonjwa aliyekuwa akisihi aachiwe chake. Hakuna sheria iliyovunjwa katika hayo. Fedha zilikwisha, basi.

Msomaji atauliza, haya yatuhusu nini sisi wa visiwani? Yatuhusu kwa njia ya ndege ya India. Ndugu zetu wengi hupelekwa huko kutibiwa, na huko upasuaji huu hufanywa. Mtu akirejea na kisanduku kifuani, nani atakayekirekebisha? Betri ikifa, nani atakayelipa nauli ya pili na ya tatu? Tena kuna hatari za papo kwa hapo. Mashine za kupashia misuli joto kwa mawimbi ya umeme, ziitwazo dayathemi, ni haramu kabisa kwa mtu huyo, kwani joto hufuata waya likaunguza ubongo. Kipimo cha MRI nacho hakifanywi mpaka ijulikane mtambo ni wa aina gani. Muuguzi wa zamu usiku atayajuaje hayo, ikiwa mgonjwa mwenyewe ameikumbuka karatasi yake nyumbani?

Kabla ya mtambo kuna dawa. Levodopa imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, nayo ni vidonge tu. Uchunguzi uliofanywa katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2008, uliwakuta wagonjwa 33 wa Parkinson miongoni mwa watu wapatao 161,000, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamepata kuambiwa na daktari wanaumwa nini. (Kwa hakika levodopa imo hata katika mbegu za upupu, ule ule unaowawasha watoto wetu vichakani, ingawa tunawaomba wasomaji wasiende kujitibu kwa kukisia.)

Tunayo tangu mwaka 2014 taasisi ya upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, iliyojengwa kwa msaada wa wafadhili wa Kihispania. Tunapendekeza pawepo daftari. Kila anayerejea kutoka ng'ambo na mtambo mwilini aandikwe humo: jina lake, aina ya mtambo, kampuni, tarehe ya kupandikizwa, na mwezi ambao betri inatarajiwa kwisha. Na kila afisa anayetia saini ruhusa ya safari aulize kwanza, kwa maandishi, ni nani atakayeutunza mtambo huo katika mwaka wa kumi, kisha jibu libandikwe kwenye faili la mgonjwa.